Mpira Ukivuka Ukuta: Tunamuaga Mzee Hodi

Jumamosi hii, tarehe thelathini Novemba, mtunza uwanja na vifaa wa klabu yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Jina lake la kuzaliwa limo kwenye kadi ya uanachama, na anayetaka kulijua aende akalitazame huko, maana uwanjani halijawahi kutumika. Kuanzia mwenyekiti mpaka watoto wanaotazama mechi wakiwa wamesimama juu ya matofali, sote tunamwita Mzee Hodi. Hata mkewe humwita hivyo siku akiwa na furaha naye. Siku akiwa amemkasirikia, hutumia lile la kwenye kadi.

Kamati imenitwika mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Kwanza mimi ni katibu, na katibu hana pa kukimbilia. Pili, nilikuwa kipa wa timu hii kwa misimu mingi, na kipa husimama mahali pamoja akiwatazama wenzake, kwa hiyo nimemwona Mzee Hodi akifanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Wenye ndimi ndefu watasema kwamba nilipaswa kutazama mpira. Nawasamehe, leo ni siku ya furaha.

Kwa wageni wanaofika leo kwa mara ya kwanza, tuanze na uwanja wenyewe. Upande mmoja mnaona karakana za mafundi, upande wa pili barabara ya vumbi na duka la vifaa vya shule la mke wa Mzee Hodi. Sasa tazameni goli la mbali. Nyuma yake, karibu kabisa na nyavu, kuna ukuta wa matofali unaomfikia mtu mrefu kidevuni. Nyuma ya ukuta kuna ua, kamba ya nguo, na nyumba ya bati jekundu yenye dirisha moja linalotazama huku. Hiyo ilikuwa nyumba ya marehemu Bibi Cherehani, fundi wa nguo aliyeushonea mtaa huu mzima, kuanzia sare za shule hadi magauni ya harusi. Nyumba ilikuwa yake na ukuta ulikuwa wake. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba uwanja huu nao ulikuwa wake, aliachiwa na mumewe. Klabu ilikuwa haimiliki hata kipande cha ardhi iliyokuwa ikikanyaga.

Klabu yenyewe ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni waliokuwa wakicheza baada ya zamu, pamoja na vijana wa mtaa ambao hawakuwa na zamu yoyote. Walikuta eneo tupu wakaanza kucheza, hawakumwuliza mtu. Bibi alinyamaza. Mpira ulipovuka ukuta, mchezaji alirukia ndani, akakanyaga mboga, akaangusha nguo za wateja zilizoanikwa, kisha akaruka tena kurudi bila hata kusema samahani. Mara ya kwanza Bibi alinyamaza, na mara ya kumi pia. Halafu akaacha kunyamaza. Mipira iliyovuka ikawa hairudi, na mmoja inasemekana aliukata kwa mkasi. Mkasi wa fundi cherehani hauna mzaha. Mwishowe akatangaza kwamba mwezi ukiisha atauzungushia uwanja waya na kupanda mahindi, na waanzilishi wetu wakaanza kutafuta pa kuhamia bila kupata.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Hodi, ambaye wakati huo hakuwa mzee wala hakuwa Hodi. Alikuwa seremala kijana, mgeni mtaani, na aliletwa kwetu kama mshambuliaji. Aliyemleta aliusifia sana mguu wake wa kulia. Alisema ukipigwa na mguu ule, mpira hauonekani tena. Tuliyakumbuka maneno hayo baadaye.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya mafundi magari. Kipindi cha pili alipata mpira mbele ya goli tupu, kipa wao akiwa amekaa chini anatafuta kiatu kilichomvuka. Mtu yeyote angeusukuma tu. Yeye akaupiga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na mpira ukapita juu ya goli, juu ya ukuta na juu ya kamba ya nguo, ukatua uani kwa Bibi. Wenzake wakamwambia kwamba aliyeupiga ndiye aufuate, wakitegemea kwamba ataruka ukuta kama ilivyokuwa desturi. Yeye akazunguka. Akashika njia ya mbele ya nyumba, akavua viatu vyenye matope, akabisha hodi. Hakujua lolote kuhusu ugomvi uliokuwepo. Alijua tu alivyolelewa na mama yake, kwamba kwa mtu hakuingiwi kwa juu.

Bibi alifungua, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi zilizotoboka, akasema, "Miaka yote hii, wewe ndiye wa kwanza kugundua kwamba nyumba hii ina mlango."

Akakaribishwa, akaketi. Akaulizwa ametokea wapi, mama yake hajambo, anafanya kazi gani. Aliposema useremala akaonyeshwa meza ya cherehani iliyokuwa ikiyumba, naye akainama kuitazama, maana seremala akiona meza inayumba husahau yote. Huku nje sisi tulikuwa tukisubiri. Mafundi magari walikaa chini, kisha refa naye akakaa chini, na hatimaye watazamaji wakaanza kurudi makwao. Aliporudi, alikuwa na mpira uliokuwa umeingia na mshono ulioachia na kutoka umeshonwa vizuri kuliko ulivyotoka dukani. Alikuwa pia na ujumbe. Bibi amesema tuendelee kucheza. Ila mpira ukivuka utaombwa, mlangoni na kwa salamu, na mwombaji awe huyuhuyu.

Ikawa ndiyo mechi yake ya kwanza na ya mwisho kama mshambuliaji. Kamati ilikutana palepale ikamteua kuwa mtunza uwanja na vifaa, na ikaandika kifungu cha saba cha katiba yetu, ambacho kila mchezaji mpya hukikariri kabla ya kupewa jezi: Mpira ukivuka ukuta, mchezo utasimama hadi mpira uombwe na utolewe. Timu nyingine za ligi ya mitaa zilitucheka. Wakatubandika jina la Timu ya Hodi wakidhani wanatutukana, nasi tukalipenda mpaka tukalishona kifuani.

Nisije nikawafanya mkaamini kwamba kazi yake ilikuwa kubisha milango tu. Magoli yote mawili ameyatengeneza yeye. Ya kwanza aliyapiga randa, akayapiga msasa, halafu akayapaka vanishi, yakang'aa kama kabati la bibi harusi, na wachezaji wakaona aibu kuyagonga. Mistari ya chokaa aliichora kila Jumamosi asubuhi kabla hajanywa chai. Jezi alizihesabu, nyavu alizifuma, na aliwahi kumtoa mwenyekiti mzima katikati ya uwanja kwa sababu alivaa viatu vya kisigino kigumu siku ya nyasi mpya. Mwenyekiti yule alikuwa bosi wake kwa kila hali, lakini alitembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye mstari.

Hata hivyo, kinachotufanya tumpende ni ile safari ya kuzunguka ukuta. Alikuwa haendi mbio. Mpira ukivuka, mashabiki wa upande ule walipaza sauti kwa pamoja, "Hodi, hodi," naye angeweka chini alichoshika, akajipangusa mikono, akaenda. Tulimwona mpaka kona ya ukuta, halafu tulibaki kukisia. Huko ndani kulikuwa na salamu zote, za nyumbani na za kazini, na aghalabu kulikuwa na chai. Wageni walipolalamika, mashabiki wetu waliwajibu kwamba haraka haraka haina baraka, jibu ambalo halijawahi kumpoza mtu anayefungwa.

Kuna refa mmoja, mfanyakazi wa posta, alitoka mbali na hakuwa amesikia habari zetu. Mpira ulipovuka alitazama saa, akatazama tena, akasema huu ni upuuzi, anakwenda mwenyewe kumleta huyo mtu. Akazunguka ukuta kwa hasira. Refa hakurudi. Tulisubiri tukamtuma mshika kibendera amfuate, naye hakurudi. Mwishowe nahodha wa wageni alichungulia juu ya ukuta akawakuta wote watatu wameketi kwenye benchi, vikombe mkononi, refa akimweleza Bibi habari za mkwewe. Mechi iliisha sare, na refa yule alikuja kuomba apangiwe mechi zetu zote zilizobaki.

Mabeki wetu, ambao akili yao ilikuwa kubwa kuliko mbio zao, waligundua mapema kwamba tukiwa tunaongoza, njia bora ya kulinda bao ni kuupeleka mpira kwa Bibi. Wakafanya hivyo mara mbili tatu. Lakini Bibi hakuwa mtoto. Akaanza kumwuliza Hodi mlangoni, kabla hata ya salamu, "Mnaongoza au mnafungwa?" Na Hodi, kwa unyofu ambao nahodha alikuwa akiuita ukosefu wa uzalendo, alimwambia ukweli. Tukiwa tunaongoza, mpira ulitoka papo hapo na hakuna aliyekaribishwa kuketi. Bibi alimwambia hapa si kichaka cha waoga kujificha. Tukiwa tunafungwa, alimketisha vizuri ili tupumue. Ni sisi tu tunaoweza kudai kwamba kocha wetu wa pili alikuwa bibi mwenye miwani ambaye hajawahi kutazama mechi nzima.

Siku kubwa kuliko zote katika historia ya klabu hii ni ile ya fainali ya Kombe la Mitaa, dhidi ya mafundi magari walewale. Tulitoka sare tukaenda kwenye penalti, na zilipigwa kwenye goli la ukutani. Nilikuwa langoni. Ilibaki penalti moja ya kwao. Wakikosa, kombe ni letu. Mpigaji wao, jitu la miraba minne, alirudi nyuma, akaja, akapiga. Mimi niliruka upande ambao mpira haukuwa na haja nao. Mpira ukapanda, ukapita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya ukuta.

Tulifungua midomo tushangilie. Refa akanyoosha mkono. Alikuwa yule mfanyakazi wa posta, na sasa alikijua kifungu cha saba kuliko sisi. Mpira haujaombwa, alisema, kwa hiyo mchezo umesimama, kwa hiyo filimbi ya mwisho haijapigwa. Basi watu wote waliozunguka uwanja, mamia kwa mamia, wakazibana furaha zao vifuani. Mzee Hodi akajipangusa mikono akaondoka kwa mwendo wake wa siku zote. Nahodha wetu alikuwa ameng'ata jezi yake. Jitu la miraba minne lilikuwa limejiinamia kwenye mstari, nami nikaenda nikakaa karibu naye, maana hata mimi sikujua la kufanya na mwili wangu. Tulisikia cherehani ikinyamaza upande wa pili, mlango ukifunguka, na baadaye kijiko kikikoroga chai.

Safari ile hakurudi peke yake. Pale kwenye kona ya ukuta alitokea Bibi Cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, mpira kwapani. Alipita katikati yetu polepole mpaka kwa yule mpigaji, akamwambia, "Pole mwanangu, umeupiga kwa moyo." Kisha akamkabidhi refa mpira. Refa akapuliza. Sauti iliyotoka hapo, jamani, kiwandani walidhani mtambo umepasuka. Watu walibebana, jitu la miraba minne likanibeba mimi, na Bibi akasimama katikati ya uwanja wake akicheka, Hodi pembeni yake akiwalinda wasikanyage mistari.

Bibi alitutoka miaka minne iliyopita, usingizini, akiwa amezeeka vizuri. Tulimzika klabu nzima tukiwa na jezi alizotushonea. Jumamosi iliyofuata tulicheza, kwa sababu mwenyewe asingependa tusicheze, na kipindi cha kwanza mpira ukavuka. Hakuna aliyepaza sauti. Mzee Hodi akajipangusa mikono akaenda. Tulimsikia akibisha, akingoja, akibisha tena. Alirudi mikono mitupu, akatoa mpira wa akiba kwenye gunia, akatugeuzia mgongo. Nimeona watu wakilia misibani, lakini mgongo ule ndio ulioniliza mimi.

Nyumba na uwanja vikaenda kwa mwanawe wa pekee, mkandarasi, aliyekuwa ameishi mbali tangu ujana wake. Simlaumu. Mtu wa ujenzi akirithi ardhi tupu huona nyumba, kama seremala anavyoona meza. Alihamia kwa muda nyumbani kwa mama yake, akaleta wapimaji, na ndani ya wiki moja uwanja wetu ulikuwa umejaa vigingi vya mbao vyenye rangi nyekundu kichwani. Tulipewa mpaka mwisho wa msimu. Vijana wetu walitaka kuving'oa siku hiyohiyo. Mzee Hodi, ambaye katika maisha yake sijapata kumsikia akifoka, alifoka. "Tumekaa na nyumba ile kwa hodi miaka yote," alisema, "leo ndiyo tuivunjie heshima?" Tukacheza katikati ya vigingi. Winga wetu aliwahi kutoa pasi kwa kigingi, na kwa haki kabisa kigingi kilimrudishia vizuri kuliko wenzake.

Jumamosi ya kwanza mpira ulivuka. Kabla Mzee Hodi hajafika kwenye kona, mpira ukarudi wenyewe juu ya ukuta. Mkandarasi alikuwa ameurusha, kwa nia njema tu. Wageni wakaushika waendelee. Mzee Hodi akauchukua, akauweka kwapani, akazunguka ukuta, akabisha hodi. Mkandarasi alipofungua, akampa mpira.

"Huu si nimewarudishia?" mkandarasi aliuliza.

"Umeurudisha, baba, lakini haukuwa umeombwa," Mzee Hodi akamjibu. "Ushike kwanza. Haya, hujambo? Za hapa nyumbani?"

Mkandarasi ametuhadithia mwenyewe kwamba siku ile alidhani mzee ana matatizo. Akampa mpira ili aondoke. Wiki ya pili aliurusha tena, na mzee akamletea tena. Wiki ya tatu alichoka akamwambia aketi basi, amweleze huu ni mchezo gani. Mzee Hodi akaketi kwenye benchi lilelile. Akamweleza habari ya siku ya kwanza, ya soksi zilizotoboka na meza iliyokuwa ikiyumba. Mkandarasi akainuka akaitikisa meza ya cherehani, na meza haikutikisika.

Tangu hapo alikuwa akimwuliza. Mama alikuwa akisema nini jioni zake? Miwani ile alinunua lini? Ni kweli aliwahi kuingia uwanjani na futi shingoni? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na yeye alikuwa hayupo kwa miaka mingi. Alituma kila kitu nyumbani isipokuwa yeye mwenyewe. Hodi alikuwepo, kila Jumamosi, kikombe kimoja baada ya kingine. Alimrudishia mkandarasi mama yake vipande vipande, kimoja kwa kila mpira uliovuka. Hakumwomba uwanja hata mara moja. Sisi wa kamati tulimsihi auombe, akatuambia yeye ni mwombaji wa mipira.

Halafu ikafika Jumamosi moja karibu na mwisho wa msimu, siku ambayo washambuliaji wetu, kwa sababu zisizoelezeka, walilenga. Tulishinda mabao manne na hakuna mpira hata mmoja uliovuka. Tulikuwa tunafungasha vifaa tulipoona mtu anatokea kwenye kona ya ukuta. Alikuwa mkandarasi. Alifika kwenye mstari wa chokaa akasimama, hakuukanyaga. Akasema, "Hodi."

Hakuna aliyewahi kutubishia hodi sisi. Tulitazamana kama wajinga mpaka Mzee Hodi akaitikia, "Karibu, baba."

"Leo hamkuja," mkandarasi akasema. "Nimechemsha chai, nimengoja. Kuna mtu anaumwa?"

Mzee Hodi akamweleza kwamba hakuna anayeumwa, ni bahati mbaya tu, tumefunga. Kisha akampa mkono wakaondoka wote wawili kwenda kuinywa ile chai. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ile nililiona kwa macho yangu. Asubuhi iliyofuata tulimkuta mkandarasi uwanjani akiving'oa vigingi kwa mikono yake. Aliviweka kando vinne, akamwuliza Mzee Hodi kama vinafaa kwa vibendera vya kona. Ndivyo hivyo mnavyoviona leo, rangi nyekundu bado ipo. Mwezi huohuo alikwenda na mwenyekiti ofisi ya ardhi, uwanja ukaandikwa kwa jina la klabu, kwa sharti moja tu: kifungu cha saba kisifutwe, na siku kitakapoachwa kufuatwa, uwanja urudi kwake. Kwa mara ya kwanza tangu zamu za kiwanda cha sabuni, tunakanyaga pa kwetu.

Sasa mtaelewa kwa nini Mzee Hodi alipotuambia kwamba goti la kulia limekataa, kamati iliingiwa na wasiwasi. Lile goti la mguu ulioupiga mpira wa kwanza limezunguka ukuta huu mara zisizo na idadi, na haki yake ni kupumzika. Lakini mkandarasi naye kazi zimemwita mbali, na nyumba ilikuwa inabaki na kufuli. Mpira utaombwa na nani, na zaidi ya hapo, utatolewa na nani? Hodi isiyo na karibu ni kelele tu. Na sharti ni sharti.

Jibu lilitoka kwa mkandarasi. Alimwomba Mzee Hodi na mkewe wahamie kwenye nyumba ya Bibi, waitunze na waishi humo kama kwao. Mkewe alikubali kabla mkandarasi hajamaliza kusema, kwa kuwa amechoka, anavyodai, na mume ambaye nyumbani kwake haombi hata chumvi lakini kwa jirani ameomba mpira ujana wake wote. Wamehamia wiki iliyopita. Cherehani ipo palepale dirishani. Meza haijayumba.

Kuhusu nani ataomba, kamati imeamua kwamba hatutafuti Hodi mwingine, maana hayupo. Kuanzia leo, aliyeupiga ndiye atakayeufuata. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: inasemwa kwamba mwenye rekodi ya kuvusha mipira msimu huu ni beki wa kushoto wa timu yetu ya wanawake, ambaye ni binti mdogo wa Mzee Hodi na ameurithi ule mguu bila kupunguziwa chochote. Timu yake ndiyo inayofungua shughuli leo alasiri. Basi ajiandae kuvua viatu mlangoni na kumsalimia baba yake kama mgeni.

Kwa niaba ya wachezaji wa jana na wa leo, mashabiki, marefa walionyweshwa chai na mafundi magari waliosubiri, tunakushukuru, Mzee Hodi. Ulitufundisha kupita mlangoni, na kwa mlango huo tumepata uwanja. Tunakutakia wewe na mama afya njema, goti tulivu na siku ndefu katika nyumba hiyo. Leo saa yoyote mpira utavuka, sisi tunawajua washambuliaji wetu. Mchezo utasimama, na wote tutaketi chini tungoje. Ukisikia mtu anabisha, baba, tafadhali usimrudishe upesi. Mwambie karibu, mpe kiti, umwulize habari za nyumbani.